Je, wajua kwa nini zebra kwenye foleni inawatega sana watu wa pikipiki?

Foleni imeganda, magari yanasogea kidogo yanasimama, wewe una pikipiki kwa hiyo unapenya. Mara unakuta basi limesimama tu na mbele yake peupe kabisa. Unajisemea huyu dereva kasinzia nini, unalipita, na hapohapo anatokea mama puani kwa basi kamshika mtoto mkono.

Kinachotega hapo ni pazia. Basi linamficha anayevuka na linakuficha wewe pia, hamuonani mpaka mmebakiza mita mbili tatu. Halafu huyo mama macho yake yote yako kwa dereva aliyempungia mkono apite, akishaupata ule mkono anajua barabara nzima imesimama kwa ajili yake, wewe kwake haupo kabisa.

Sasa piga hesabu. Ukiwa 30 km/h, ambayo juu ya pikipiki unaiona kama kutambaa, unakata mita 8 na kitu kila sekunde. Mpaka ushtuke na vidole vibane breki, sekunde moja hivi imeshaenda, yaani mita 8 zimeisha breki haijaanza hata kushika na mtu alikuwa mita tatu! Ukishuka mpaka 10, sekunde hiyohiyo inakula mita 3 kasoro, na umbali wa kusimama baada ya breki kushika unapungua mara tisa, sio mara tatu, maana unaenda kwa mraba wa spidi. Ndo maana Mkataba wa Vienna wa usalama barabarani wa 1968 unasema ukilipita gari linalokaribia kivuko au lililosimama kabla yake, uwe na mwendo mdogo wa kukuwezesha kusimama palepale mtu akiwemo. Mi naona kwenye foleni hata hiyo 10 ni nyingi, nenda mwendo wa mtu anayetembea.

Kwa hiyo gari likisimama bila sababu unayoiona, chukulia sababu ni mtu. Chungulia uvunguni utaona miguu, ikiwa ni gari dogo tazama kupitia vioo vyake, na usijibane ubavuni mwa gari, ukikaa mbali nalo kidogo unaona kona yake mapema zaidi. Honi achana nayo, mtu akishtuliwa mara nyingi anaganda katikati.

Breki nazo zina mambo yake. Kwenye mwendo mdogo hivyo, ukiwa umekata usukani halafu ukabana breki ya mbele ghafla, pikipiki inalala chini na wewe, tena mbele za watu. Klachi nusu, mguu unagusa breki ya nyuma taratibu, usukani umenyooka, macho mbele sio kwenye tairi. Mvua ikinyesha ile rangi ya mistari inateleza kuliko lami, malizia breki zako kabla hujaikanyaga.

Ukishasimama, simama nyuma ya mstari, mguu chini, na usimpungie mtu mkono apite. Angalia saitimira kwanza, kuna mwenzako anapenya nyuma yako na ye anajiuliza umesimamia nini.