Kuondoa jina la chama si kuondoa siasa

Wengi huamini kwamba jina la chama likifutwa kwenye karatasi ya kura, siasa nazo zimekwisha. Sivyo kabisa. Tazama jimbo la Florida, Marekani. Mwaka 1998 wapiga kura waliamua wajumbe wa bodi za shule wachaguliwe bila kutajwa vyama. Hata hivyo, mwaka 2022 Gavana Ron DeSantis wa Republican aliwapigia debe hadharani wagombea wake wa bodi hizo. Aliyefuatilia habari alijua nani ni wa nani. Mzazi aliyepitia kituoni akitoka kazini alikuta majina matupu.

Je, turudishe vyama? Mimi nasema hapana. Sheria ya shirikisho iitwayo Hatch humzuia mfanyakazi wa posta, kwa mfano, kugombea katika uchaguzi wa vyama, lakini usio wa vyama anaruhusiwa. Na kwa kuwa kura za mchujo Florida ni za wanachama tu, asiye na chama angebaki nje. Novemba 2024 pendekezo la kurudisha vyama lilipata takriban asilimia 55, zilihitajika 60.