Je, wajua tembo wa msituni wanahesabiwa kwa kusikilizwa?

Kuhesabu tembo wa Tarangire au Amboseli ni kazi ila inawezekana, unapanda kindege kidogo unapita juu na wao unawaona hao chini wanatembea. Sasa nenda misitu ya Kongo, Gabon au Jamhuri ya Afrika ya Kati uone, ukipita juu unaona majani tu mpaka unachoka, na ukiingia kwa miguu tembo anaweza kuwa hapo pembeni yako na usimwone kabisa. Kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakihesabu mavi, ndio, mavi, wanachora mstari msituni wanaufuata wanahesabu marundo halafu wanapiga hesabu kujua wenyewe wako wangapi. Inasaidia, lakini rundo la mavi halikuambii mwenye nalo alipita saa ngapi, au siku hiyo alikuwa anamkimbia nani. Na hawa tembo wa msituni hali yao ni mbaya, mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, waliwaweka kundi la walio hatarini zaidi kutoweka maana ndani ya miaka 31 walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 86.

Njia ya masikio ilianzia mbali, huko Portland Marekani, mwaka 1984. Mama mmoja anaitwa Katy Payne, ambaye kabla ya hapo alikuwa anachunguza nyimbo za nyangumi, alikwenda kukaa na tembo kwenye bustani ya wanyama, na akawa anahisi hewa inatetemeka karibu yao ila hasikii kitu. Akiwa kwenye ndege anarudi nyumbani ndo akakumbuka alipokuwa binti anaimba kwaya kanisani, alikuwa anasimama karibu na kinanda kikubwa na zile noti za chini kabisa anazisikia mwilini kuliko masikioni. Akarudi na mitambo ya kurekodi, tepu ikachezeshwa kwa kasi kubwa ili sauti ipande, na kumbe tembo walikuwa wanaongea muda wote! Sikio letu linaishia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde na sehemu ya mngurumo wa tembo iko chini ya hapo. Baadaye Payne alikuja Amboseli kufanya kazi na mtafiti wa tembo Joyce Poole na wakakuta hata tembo wa porini ni hivyo hivyo.

Sauti nzito ina faida moja, haizuiwi kirahisi na majani na miti, inapita tu. Ndo mana harusi ikiwa mtaa wa tatu unasikia besi tu, maneno ya mwimbaji huyapati. Kwa hiyo ukifunga rekoda juu ya mti (juu kweli, chini tembo wenyewe wataing'oa) itanasa mingurumo ya tembo ambao hakuna mtu angewaona. Chuo kikuu cha Cornell wana mradi alioanzisha huyo huyo Payne, na mwaka 2017 walitandaza rekoda 50 ndani na pembeni ya hifadhi ya Nouabalé-Ndoki, Kongo Brazzaville, eneo la kilometa za mraba 1,250. Kila baada ya miezi kadhaa watu wanatembea msituni kubadilisha betri na memori kadi, kisha kompyuta inapitia masaa na masaa ya sauti inachambua huu mngurumo, huu mlio wa bunduki, hii ni mvua tu.

Ila mimi kilichonikamata zaidi sio hesabu, ni kisa cha hifadhi ya Loango, Gabon. Kampuni za mafuta zikitafuta mafuta zinalipua baruti ardhini na kusoma mwangwi unaorudi, sasa watu waliogopa tembo watakimbia hifadhi. Rekoda zikawekwa, na matokeo yaliyotoka mwaka 2010 yakaonyesha tembo hawakuhama na wala baruti yenyewe haikuwashtua sana, watafiti wakawaza labda kwao ilifanana na radi na radi kule ni za kila mara. Kilichowabadilisha ni watu, zile pilika za wafanyakazi mchana kutwa, tembo wakaanza kuhamishia shughuli zao usiku. Sasa fikiria mtu wa kuhesabu mavi angekuja hapo, angeona marundo yako yale yale akaandika kwenye ripoti hali ni shwari.

Kwenye ujangili napo rekoda zina kazi, ingawa hapa watu huwa wanazisifia kupita kiasi. Zile ambazo kadi yake inasubiri miezi haziwezi kumkamata jangili siku hiyo, keshakula nyama na kulala. Zinachotoa ni ramani, risasi zinapigwa upande gani wa msitu, mchana au usiku, msimu upi, halafu askari wa wanyamapori wanapangiwa doria kwa kufuata hiyo badala ya kuzunguka msitu mzima kwa kubahatisha. Na kwenye kuhesabu pia kuna shida yake, madume wazima hawanguruminguru­mi ovyo kama majike yenye watoto, kwa hiyo inabidi kwanza watafiti wakae sehemu za wazi kama Dzanga kule Afrika ya Kati, ambako tembo wanatoka msituni kufuata chumvi, wawaone kwa macho huku wanarekodi, ndo wajue mingurumo kiasi gani ni sawa na tembo wangapi.