Bagamoyo si mji wa Waarabu, na mambo mengine ninayobishiwa

Natembeza wageni Bagamoyo, wengi wao wanafunzi na walimu wao kutoka Dar es Salaam. Hata kwenye magofu ya kale ya Kaole hatujafika, mtu keshauliza: "Uislamu wa huku si waliuleta Waarabu wakawa ndio mabwana wa dini, wenyeji wakafuata tu?"

Hapana. Na nimechoka kuijibu hii kwa upole.

Mchukue Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye mji ulimjua kama Sheikh Ramiya. Kwao ni Manyema, Kongo ya mashariki. Aliletwa pwani angali mtoto, mtumwa, akaingia katika nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Lamki. Mtoto huyo akasoma, akafanya biashara, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kadiria, njia ya Kisufi, na waungwana wenye nasaba ndefu wakampigia magoti kuomba dua. Hakuwa na ukoo wa kujivunia hapa, alikuwa na elimu na adabu. Alipofariki mwaka 1931 mwanawe Muhammad akashika nafasi yake, na siasa za uhuru zilipopamba moto akaiunga mkono TANU, iliyoongozwa na Mkatoliki wa Butiama, Julius Nyerere. Sasa nionyeshe huo Uislamu wa mabwana wa Kiarabu uko wapi hapo. Msikiti wa Kaole wenyewe ni wa karne ya 13, masultani wa Oman hawajahamia Unguja bado.

Mji huu wamekuja watu kila upande: Wanyamwezi na mizigo yao ya pembe, Wahindi na maduka yao, Wamanyema, Wazaramo, Wakwere, Washomvi. Ukianza kuuliza nani mgeni, utakesha.

Wengine wanashikilia kwamba Waislamu na Misheni walikuwa maadui. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Miaka ishirini baadaye Bushiri, kiongozi Muislamu wa upinzani wa pwani, aliinuka, lakini ugomvi wake ulikuwa na kampuni ya Wajerumani iliyotaka kutawala pwani na kukusanya ushuru wa forodha. Misheni hakuishambulia, na maelfu ya watu wa mjini walikimbilia humo.

Wapo pia wanaodhani Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, kazikwa hapa. Hakuzikwa hapa. Maiti yake ililetwa Misheni mwaka 1874, Mprotestanti akapokewa na Wakatoliki, kisha ikasafirishwa hadi London. Tuendelee.

Walimu nao, tena wa uraia, huniambia Katiba inataka urais upokezwe kati ya Muislamu na Mkristo. Jamani, isomeni! Ibara ya 3 inasema nchi yetu haina dini. Ibara ya 47 inadai mgombea na mgombea mwenza watoke pande mbili za Muungano, basi. Na anayekutajia asilimia ya Waislamu na Wakristo "kwa mujibu wa sensa" muulize sensa ipi, maana swali la dini liliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967.

La mwisho ni la wanafunzi: kiongozi mnyenyekevu ni dhaifu. Huwatajia marehemu Mzee Mwinyi. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu kwa vifo vilivyosababishwa na polisi Shinyanga, ingawa mkono wake haukuwamo. "Si alishindwa?" huuliza kijana mmoja wa nyuma. Mwaka 1985 huyo aliyeshindwa akawa Rais wa Tanzania.