Sor Juana hakufungiwa utawani

Juzi nilialikwa kuwaeleza Waswahili wenzangu tunaoishi nao hapa Chicago habari za Tamasha la Sor Juana, lililopewa jina la Sor Juana Inés de la Cruz, mtawa na mshairi wa Mexico wa karne ya kumi na saba; ni tamasha la kuwaenzi wanawake wa Kimexico katika muziki, tamthilia, ngoma, uchoraji na fasihi, ambalo lilianzishwa katika miaka ya 1990 na makumbusho ya mtaa wa Pilsen yanayoitwa leo National Museum of Mexican Art. Sikuwa nimemaliza hata utangulizi wangu pale mama mmoja wa safu ya mbele, mzaliwa wa Mombasa, alipoinua mkono na kuniuliza kwa upole: “Mwalimu, samahani nikukatize. Tamasha la kuwasifu wanawake wenye vipaji, inakuwaje lipewe jina la binti aliyefungiwa utawani baada ya kuvunjwa moyo na mwanamume?”

Nilimjibu kwa ukali kidogo, na baada ya kikao nikamwomba radhi, kwa sababu kosa si lake. Swali hilo nimeulizwa na wanafunzi, na walimu wenzangu, na watu walioshika tikiti za tamasha mkononi, kwa miaka yote niliyofundisha fasihi ya Kihispania ya enzi za ukoloni. Sasa naliandikia jibu lake lote, ili safari nyingine nielekeze watu hapa.

Tuanze na huyo mwanamume, maana habari yake ni fupi. Alizaliwa pale watu waliposoma soneti za mapenzi za Sor Juana kana kwamba ni shajara. Katika makao ya makamu wa mfalme wa Hispania mjini Mexico, alikoishi kabla ya utawa, shairi la mapenzi lilikuwa kazi ya ufundi: lilitungwa kwa sherehe, kwa heshima ya mwenyeji, au kwa kushindana na mtunzi mwingine juu ya mada iliyotolewa. Anayezijua nyimbo za harusi za mwambao hahitaji kuelezwa kwamba mtunzi anaweza kuwaliza watu ukumbini kwa mapenzi yasiyokuwa yake.

Sababu ya kuingia utawani aliiandika mwenyewe, katika barua ya tarehe 1 Machi 1691 aliyompelekea askofu wa Puebla, ambaye alikuwa amemwandikia akijificha nyuma ya jina la kitawa la Sor Filotea. Anasema humo kwamba hakuwa na mwelekeo wowote wa kuolewa, na kwamba kwa mtu wa hali hiyo utawa ulikuwa jambo la staha zaidi aliloweza kulichagua. Anasema pia alichokuwa akikitamani: kuishi peke yake, asiwe na kazi ya lazima inayomzuilia uhuru wa kusoma, wala kelele za watu zinazovuruga ukimya wa vitabu vyake. Maneno hayo ni yake, yamechapishwa tangu mwaka 1700, na bado kuna wanaomtafutia mchumba.

Hali yake ilikuwa hii. Alizaliwa nje ya ndoa huko San Miguel Nepantla, mwaka 1651 kwa mujibu wa mwandishi wa kwanza wa maisha yake, au 1648 ikiwa cheti cha ubatizo cha mtoto aitwaye Inés, kilichoandikwa “binti wa Kanisa” bila majina ya wazazi, ni chake. Vitabu vya shule huchagua mwaka mmoja na kupita. Mimi naelemea 1648, kwa kuwa wadhamini waliotajwa ni wa ukoo wa mama yake, lakini siwezi kukiapia. Alijifunza kusoma akiwa na umri wa miaka mitatu. Aliacha kula jibini, aliyoipenda, kwa kuwa alisikia kwamba humpumbaza mtu. Alipojua kwamba kuna chuo kikuu mjini Mexico, alimsihi mama yake amvishe nguo za kiume ampeleke huko, na akakataliwa. Kilatini alikipata kwa masomo yasiyofika ishirini, na kila alipojiwekea muda wa kujifunza jambo na muda ukapita hajalijua, alizikata nywele zake kwa kuwa, kwa maneno yake, haikumfaa kichwa kipambwe nywele hali kiko tupu cha elimu. Binti wa namna hiyo, bila baba wa kumsimamia wala mali, alikuwa na milango miwili: ndoa au utawa. Mwaka 1667 aliingia kwa Wakarmeli, shirika lenye kanuni kali mno, akatoka baada ya miezi michache. Tarehe 24 Februari 1669 akaweka nadhiri katika nyumba ya Mtakatifu Jeromu. Aliyefungiwa na watu hapewi nafasi ya kuionja nyumba moja, kuikataa na kuchagua nyingine.

Hapa nafika kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni neno moja. Chumba cha mtawa kwa Kihispania huitwa “celda”, na kwa kuwa sisi tunalo neno “seli”, wanafunzi wangu wa Kiswahili hulitafsiri hivyo bila kuwaza. Lakini masikioni mwetu seli ni ya polisi. Seli ni mlango wa chuma, ndoo ya kona na jina lako kwenye daftari la zamu. Ukimwambia msomaji wa Kiswahili kwamba Sor Juana aliishi miaka ishirini na sita katika seli, umeshamfunga kabla hujamsimulia chochote, na hayo utakayoyasema baadaye hayamfungui tena. Katika nyumba ya Mtakatifu Jeromu, “celda” ilikuwa makazi kamili, mara nyingi ya ghorofa mbili, yenye jiko na sehemu ya watumishi, na makazi hayo yalinunuliwa na kuuzwa. Humo Sor Juana alikusanya vitabu, ala za muziki na vifaa vya kisayansi. Alikuwa mtunza hesabu wa nyumba nzima ya watawa. Makanisa makuu yalimwagiza nyimbo za sikukuu, na mwaka 1680 baraza la kanisa kuu la Mexico lilimkabidhi kazi ya kubuni tao la kumpokea makamu mpya wa mfalme. Wageni wakubwa, wake wa makamu wa mfalme wakiwemo, walimfuata chumba cha maongezi. Mimi hutafsiri “makazi yake ya kitawa”, ingawa ni refu na linaharibu mizani ya sentensi, na sijapata lililo fupi. Atakayekuwa nalo anipe.

Wakati huohuo sitaki mtu aondoke hapa akidhani palikuwa peponi. Nadhiri za kubaki ndani zilikuwa za maisha, na hakutoka tena hadi kifo chake. Ukimya alioutafuta hakuupata: analalamika kwamba yeye anasoma, na chumba cha jirani wenzake wanaanza kupiga muziki na kuimba, yeye anadurusu, na watumishi wawili wanagombana kisha wanamjia awe kadhi wao. Mama mkuu mmoja, ambaye anamwita mcha Mungu na asiyejua mengi, aliamini kwamba kusoma ni jambo la kupelekwa kwenye Baraza la Uchunguzi wa Imani, akampiga marufuku vitabu. Marufuku hiyo ilidumu kama miezi mitatu. Sor Juana alitii kwa kutoshika kitabu, lakini hakuweza kuacha kutazama.

Kurasa za barua zinazofuata ndizo ningependa zisomwe kwa sauti kila mwaka tamasha linapofunguliwa. Anawaona wasichana wawili wakichezea pia, kile kichezeo cha kuzungusha, anaagiza unga uchekechwe sakafuni, pia inazungushwa juu ya unga, kisha anainama kutazama alama ilizochora ili ajue kama ni duara kamili, na anakuta kwamba ni mstari wa konokono, unaopoteza uduara wake kadiri nguvu ya msukumo inavyopungua. Anaingia jikoni, anaona kwamba yai hushikana likikaangwa kwa mafuta au siagi, ilhali ndani ya shira husambaratika. Kwamba ili sukari ibaki majimaji inatosha kuitilia tone la maji yaliyolowekwa tunda chachu. Kwamba kiini na ute wa yai lilelile ni wapinzani, kila kimoja kikikubaliana na sukari peke yake na vikikataa vikiwa pamoja. Kisha anaandika kwamba lau Aristotle angepika, angeandika zaidi ya alivyoandika. Watu huinukuu sentensi hiyo kama mzaha wa mwanamke wa jikoni. Mimi naona ni hoja: anayetazama kwa makini anafanya elimu, iwe mbele ya rafu ya vitabu au mbele ya kikaango, na hakuna askofu anayeweza kupiga marufuku macho.

Watu huniuliza pia kwa nini tamasha halikuitwa kwa jina la mchoraji Frida Kahlo. Frida nampenda, lakini uso wake umekuwa kama pazia linalowaficha wengine. Nani anamtaja mchoraji María Izquierdo, ambaye mwaka 1930 alifanya maonyesho yake mwenyewe New York, wa kwanza kati ya wanawake wa Mexico kufanya hivyo Marekani, na ambaye mwaka 1945 alinyang'anywa kazi ya michoro ya ukutani katika jengo la serikali ya mji mkuu baada ya Diego Rivera na David Alfaro Siqueiros, mabingwa wa michoro hiyo, kudai kwamba hana ujuzi wa kutosha? Jina la mshairi wa karne ya kumi na saba lina nafasi ya wachoraji, waimbaji, wapiga picha na watunzi, na hakuna anayelazimika kufanana nyusi na Frida.

Kuna jambo zito ambalo wanaomsifu hulikwepa, na mbele ya wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki mimi siwezi kulikwepa. Mwaka 1677 Sor Juana alitunga nyimbo za sikukuu ya Mtakatifu Petro Nolasco, mwanzilishi wa shirika la kuwakomboa mateka, na ndani yake akamweka mtu mweusi anayesema kwa Kihispania cha watumwa kwamba hao wakombozi huwatoa Wahispania tu, kisha anamlilia Mungu: ingawa sisi ni weusi, ni watu, japo wao hutuita farasi. Ni nadra kukuta sauti hiyo kanisani karne ile. Lakini alipoweka nadhiri mama yake alimpa kijakazi, Juana de San José, na mwaka 1684, miaka saba baada ya nyimbo zile, Sor Juana alimuuza kwa dada yake mwenyewe kwa peso 250. Hati ya mauzo ipo. Nimeifundisha pamoja na wimbo ule katika somo moja, na sijawahi kupata maneno ya kuvipatanisha, wala sidhani ni kazi yangu kuvipatanisha. Ukimya wa yale makazi ya ghorofa mbili, ambao nimeutetea hapo juu kwa nguvu zangu zote, ulisimama kwa sehemu juu ya mikono ya mwanamke huyo, naye hakuachiwa karatasi ya kutuandikia alivyouona.

Mwisho wa maisha yake pia husimuliwa kwa wepesi uliopitiliza. Simulizi ya kawaida husema kwamba baada ya barua ile ya 1691, ambayo ndani yake alitetea haki yake ya kusoma, wakuu wa Kanisa walimnyamazisha, akauza vitabu, akatia saini toba kwa damu yake, akafa kwa tauni mwaka 1695 akiwauguza wenzake. Kifo ni kweli, tarehe 17 Aprili. Saini ya damu ipo. Kuuza vitabu kumeandikwa na watu wa karibu na wakati wake. Kilichonitia shaka ni neno “walimnyamazisha”, nililolifundisha miaka mingi bila wasiwasi. Barua iliyogunduliwa Monterrey mwaka 1980 inaonyesha kwamba karibu miaka kumi kabla ya mgogoro ule wa barua alikuwa tayari amemwambia padri wake wa maungamo, mtu aliyeogopwa mji mzima, kwamba hamhitaji tena. Na kuna hati ya mwaka 1695, mwaka uleule wa kifo, yenye mafumbo ishirini aliyowatungia watawa wa Ureno waliokuwa na jumuiya yao ya ushairi. Wasomi wanabishana kama aliyatunga kabla au baada ya toba, nami siku hizi naegemea upande wa wanaosema kwamba kalamu yake haikukauka kama tulivyofundishwa.

Fumbo la kwanza nililisoma mwishoni mwa kikao kile, kwa tafsiri ambayo bado naiparura: ni nani yule muuaji, mkosa shukrani mwenye huruma, ambaye muda wote aishipo huua, na hufa pale anapotoa uhai? Wasomi wengi hulijibu kwa neno “tumaini”, kwa kuwa tumaini humtesa mtu likingali hai, na linapotimia huwa limekwisha. Yule mama wa Mombasa alifikiri kwa muda, akasema: “Subira, Mwalimu.” Nimerudi nyumbani nikaligeuza jibu lake mstari kwa mstari dhidi ya Kihispania, na sijaona panapolikataa.