Kivuko cha tairi: dakika ambayo dereva wa langalanga huvua viatu vya mvua

Ukikaa na watu wanaofuatilia mbio za langalanga siku ya mvua, kuna neno utalisikia kila baada ya dakika mbili: krosova. Watangazaji hulitupa tu, kana kwamba sote tulizaliwa nalo. Barazani kwetu hapa Malindi tumelibatiza kivuko, na limetutosha. Kivuko ni ile dakika ambayo njia imekauka kiasi cha tairi ya ukavu kuanza kuishinda tairi ya mvua kwa kasi. Kabla yake, aliyevaa tairi ya ukavu anateleza na kuchekwa. Baada yake, aliyebaki na tairi ya mvua ndiye wa kuchekwa. Dereva na timu yake wanatakiwa kujua wako upande gani, nao hawawezi kujua kwa hakika mpaka mmoja ajaribu.

Tuanze na tairi zenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Tairi ya ukavu ya langalanga haina mfereji hata mmoja. Ni kipara. Kwetu kipara ni tairi iliyokufa. Askari wa trafiki akikukuta nayo kwenye barabara ya Mombasa utajieleza hadi mate yakauke. Kwao ndiyo tairi ya kasi, na sababu ni nyepesi: mfereji ni mahali ambapo raba haigusi lami. Ukiondoa mifereji, raba yote inashika. Kuanzia 1998 hadi 2008 sheria iliwalazimisha kutumia tairi zenye mifereji hata jua likiwaka, makusudi ili magari yapunguze kasi kwenye kona. Vipara vikarudi 2009. Tofauti na kile kipara cha tuktuk ni kwamba hiki ni raba mpya, laini, iliyopikwa ili ikipata moto inate kwenye lami. Cha tuktuk ni raba ngumu iliyobakiza unene wa ganda la yai.

Mvua ikinyesha, kipara hakina pa kuyapeleka maji. Yanajikusanya mbele ya tairi, tairi inapanda juu yake, na gari linaelea. Dereva anajua imetokea kwa sababu usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi, kama kasia lililotoka majini.

Ndiyo maana kuna tairi mbili za mvua. Pirelli, ambao ndio watengenezaji pekee wa tairi za langalanga tangu 2011, huzipiga rangi ubavuni: ya kijani ni ya maji ya wastani, ya buluu ni ya mvua kubwa. Kwa maelezo yao wenyewe, kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa kila tairi ya kijani husukuma pembeni lita 30 za maji kwa sekunde, na ya buluu lita 85. Piga picha ya ile mitungi ya lita 20 kwenye mkokoteni wa muuza maji. Tairi moja ya buluu inamwaga mitungi minne na ushei kila sekunde. Hata hivyo ya buluu hatutaizungumzia sana. Maji yakifika kiwango chake, mara nyingi madereva hawaoni kitu kwa ule ukungu wa maji yanayorushwa na gari la mbele, na shughuli husimamishwa. Kivuko chenye maneno ni kile cha kutoka kijani kwenda kipara.

Cha kwanza kinachokifanya kiwe kigumu ni joto. Tairi hizi hufungwa mablanketi ya umeme kabla hazijatoka, halafu dereva ndiye wa kulilinda joto hilo kwa kuzibana: breki za nguvu, kona za nguvu. Lami yenye unyevu inaliiba. Sasa fikiria dereva aliyetoka na vipara kwenye njia iliyo nusu kavu. Akiogopa na kwenda polepole, tairi zinapoa, na zikipoa ndipo zinateleza zaidi. Akikaza mwendo ili zipate moto, anaweza kuishia kwenye kokoto kabla hazijapata. Woga hauna msaada hapo, na ujasiri nao hauna dhamana. Mwenye kijani ana tabu ya upande wa pili: njia ikikauka, meno ya tairi yake yanapinda, yanachemka na kuanza kuchanika.

La pili ni kwamba njia haikauki yote kwa pamoja. Hili halihitaji televisheni. Mvua ya masika ikikatika, simama kando ya Lamu Road pale mjini uangalie chini. Ndani ya muda mfupi utaona mikanda miwili ya rangi isiyoiva, hapo zinapopita tairi za magari, na kati yake mkanda mweusi unaong'aa bado. Gari linaweka tairi zake zote kwenye mikanda mikavu. Tuktuk haiwezi. Magurudumu yake ya nyuma yako kwenye ukavu, la mbele liko katikati, penye maji na mafuta yaliyodondoka. Jirani yangu anayeendesha tuktuk aliniambia siku hizo yeye hupanda upande mmoja makusudi, ili lile la mbele nalo lipate pa kushika, na abiria wanadhani amelewa.

Kwenye uwanja wa mbio ni hivyo hivyo. Magari yanafukuza maji kwenye mstari wanaopitia wote, mstari unakauka, na nje yake bado ni bwawa. Kipara kinakimbia ndani ya ukanda huo tu. Ukitoka kidogo kumpisha mwenzako, au ukigusa rangi nyeupe ya pembeni, umekwisha. Kwa hiyo swali halisi si kama njia imekauka. Ni kama ukanda umekuwa mpana wa kutosha kwenye kona zote, ikiwemo ile moja iliyo chini ya miti inayokataa kukauka.

Tuweke namba za kutunga ili ieleweke. Tuseme mwenye kijani anamaliza mzunguko kwa dakika 1 na sekunde 20. Njia inakauka, anashuka hadi 1:19, hadi 1:18, halafu anakwama kwa sababu tairi zimechemka. Mwenye kipara anaanza vibaya, 1:24. Mzunguko unaofuata 1:20. Unaofuata 1:16. Kati ya hiyo miwili ya mwisho ndipo kivuko kilipo. Lakini ona: wakati wa kuamua, namba iliyo kwenye skrini ni 1:24, na mhandisi mwenye akili timamu anaiona na kusema bado.

Katika mbio zenyewe kosa hili linatibika. Unapoteza sekunde kadhaa, unarudi kubadilisha, una mizunguko hamsini ya kulipa deni. Mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia mbio hauna huruma hiyo. Tangu 2006 umegawanywa sehemu tatu, kila moja ya dakika chache tu, na mwishoni mwa mbili za kwanza walio mkiani wanatolewa. Kubadilisha tairi maana yake ni kuingia piti, yaani kwenye karakana za kando ya njia, kutoka, kuzunguka mara moja kuzipasha moto, ndipo upate mzunguko wa kuhesabiwa. Katikati ya hayo mtu mwingine akigonga ukuta, bendera nyekundu inapepea na kila kitu kinasimama. Ndiyo maana timu nyingi hutaka dereva aweke kwanza muda wa akiba kwa tairi ya kijani kabla ya kucheza kamari na kipara. Ni busara, ila muda wa akiba unakula dakika zile zile ulizotaka kuzitumia kwa kipara.

Mfano ninaoupenda ni wa Interlagos, Brazili, 2010. Nico Hülkenberg alikuwa katika mwaka wake wa kwanza, ndani ya gari la Williams ambalo halikuwa la kushinda kwa kasi ya kawaida. Njia ikawa inakauka katika sehemu ya mwisho ya mchujo. Akawa na vipara vilivyopata moto wakati ukanda unapanuka, akamaliza kwa 1:14.470. Sebastian Vettel, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wiki iliyofuata, alikuwa wa pili, nyuma kwa sekunde 1.049. Katika mchezo ambao watu hupishana kwa sehemu za elfu, sekunde nzima ni maajabu. Kesho yake kwenye mbio, lami kavu, Hülkenberg alimaliza wa nane, na hapo unaona gari lenyewe lilikuwa la nafasi gani.

Miaka 12 baadaye, uwanja ule ule, kivuko kilionyesha sura zake mbili usiku mmoja, kwa saa zetu. Ilikuwa mchujo wa Ijumaa moja ya Novemba 2022, sehemu ya mwisho, wamebaki madereva kumi. Wingu jeusi liko karibu, njia bado ni kavu ya kutosha, na swali ni la kinyume: si lini njia itakauka bali lini italowa. Kevin Magnussen wa Haas akajipanga wa kwanza kabisa kwenye mlango wa piti na vipara, akatoka, akaweka muda wake. Nyuma yake George Russell akanasa kwenye kokoto, bendera nyekundu ikapepea, mvua ikashuka, na hakuna aliyeweza tena kumfikia. Haas ikapata nafasi ya kwanza ya mchujo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Usiku huo huo Ferrari, timu ya Kiitaliano, ilimtoa Charles Leclerc na tairi za kijani, yeye peke yake kati ya wote kumi, ikitarajia mvua. Mvua ilikuja, lakini ilichelewa. Akawa wa kumi.

Malindi yetu mnaijua. Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi hadi mama muuza samaki anapatana nao bei kwa Kiitaliano. Mahali nilipokuwa usiku ule, mzee mmoja wa Kiitaliano aliweka kikombe chini taratibu, akasema "mamma mia" kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba, akatoka nje kuvuta sigara. Hakurudi kuangalia mwisho.

Watu husema haya yote ni bahati. Mimi naona ni nusu tu. Tazama mchujo wa Montreal wa Juni 2023, sehemu ya pili. Alex Albon wa Williams alivua kijani mapema, njia ikiwa bado na mabaka, na akamaliza sehemu hiyo akiwa wa kwanza. Leclerc alitaka kufanya hivyo hivyo mapema, timu ikamtaka aweke muda wa akiba kwanza. Alipopata vipara dirisha lilikuwa linafungwa, akatolewa akiwa wa 11. Williams wakikosea, wanabaki pale ambapo kila mtu aliwategemea kuwa. Ferrari wakikosea, ni habari ya gazeti. Ndiyo maana wanaovuka kwanza mara nyingi ni timu ndogo, na timu kubwa zinakaa zikisoma muda wao bure. Anayetangulia ni kama yule anayeingia mtoni kwanza kupima kina: wenzake wanaangalia maji yamemfika wapi.

Na maamuzi hayako tu kwa wahandisi wenye skrini na rada za mawingu. Rada inajua mvua iko umbali gani. Haijui kona ya nne inashika vipi. Hilo dereva ndiye anayelijua, na analijua kwa makalio kabla ya macho, gari linapoanza kutulia mahali ambapo mzunguko uliopita liliserereka.

Siku nyingine ya mvua, msisikilize watangazaji. Angalieni wenye tairi za kijani kwenye sehemu iliyonyooka. Mkiona mmoja anaacha mstari mkavu na kwenda kutafuta maji pembeni, tena makusudi, anajaribu kupoza tairi zilizochemka. Halafu tafuteni kwenye orodha ya muda kama kuna kichaa mmoja aliyekwisha kutoka na vipara, na mtazame muda wake wa theluthi ya kwanza ya mzunguko. Ukigeuka zambarau, yaani hakuna aliyepita hapo kwa kasi zaidi, wenzake wote watakuwa ndani ya dakika moja wanagombania mlango wa piti.