Kwa nini chumvi hupasuka na shaba hukunjika

Ukigonga fuwele ya chumvi kwa nyundo, hupasuka. Ukigonga waya wa shaba, hubapa tu. Wengi hudhani chumvi imeshikana kwa ulegevu. Sivyo: chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, na shaba kwenye 1,085. Zote mbili zimeshikana barabara. Mimi nachunguza muundo wa yabisi, na kwangu swali la msingi ni hili: tabaka moja la atomu likisogea juu ya jingine, kunatokea nini?

Katika chumvi, kila atomu ya sodiamu imeipa klorini elektroni moja, hivyo fuwele nzima ni ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, chanya na hasi zinazopokezana. Kila ioni imezungukwa na sita za chaji kinyume, umbali wa takriban nanomita 0.28. William Bragg na mwanawe Lawrence waliupambanua mpangilio huu kwa eksirei mwaka 1913. Ndani yake hawakukuta molekuli hata moja: hakuna sodiamu iliyo mali ya klorini fulani. Sasa sukuma tabaka moja hadi chanya ikabiliane na chanya, hasi na hasi. Kilichokuwa mvuto kinageuka msukumano, na fuwele inaachana kwenye uso bapa. Ndiyo maana vipande vyake huwa na pembe mraba.

Kwa shaba, elektroni za nje hazina mwenyewe. Zinazunguka kati ya atomu zote. Kila atomu ina majirani 12, na tabaka likisogea hatua moja, atomu hupata majirani 12 wengine walio sawa kabisa na wale wa kwanza. Hakuna msukumano, hivyo shaba haipasuki.

Hata hivyo, tabaka zima halisogei kwa mkupuo. Hilo lingehitaji nguvu kubwa mno kuliko ile inayokunja waya kwa kweli. Mwaka 1934 wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza sababu: fuwele ina kasoro za mstari, mahali ambapo safu ya atomu inaishia katikati. Kasoro hiyo husafiri, miungano ikiachana na kuungana upya mstari mmoja baada ya mwingine. Nalipenda sana jibu hili, kwa kuwa ulaini wa metali unatoka kwenye dosari yake.

Kunja waya wa shaba mara kadhaa mahali palepale, utahisi unakuwa mgumu: kasoro zimeongezeka, zinazuiana njia. Upashe moto ukolee, atomu zitajipanga upya, nao utalainika tena.