Spirulina na maziwa: madai makubwa, kijiko kidogo

Wauzaji wa spirulina, unga wa kijani unaotokana na bakteria wanaokuzwa majini, hupenda kuilinganisha na maziwa, na namba zao nyingi si za kubuni. Kasoro iko kwenye kipimo. Unga uliokaushwa hadi ukabaki na maji asilimia 5 hivi huwekwa kwenye mizani moja na kinywaji ambacho karibu asilimia 88 yake ni maji, halafu mshindi anatangazwa. Kila dai lililo hapa chini inafaa kulipima kwa kiasi ambacho mtu anakula kweli: kijiko cha unga na kikombe cha maziwa.

"Spirulina ina protini mara 18 ya maziwa"

Kwa gramu 100, ni kweli. Spirulina kavu ina protini gramu 57 hivi, na maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta yana gramu 3.2. Lakini hakuna anayekula gramu 100 za spirulina kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja cha unga huchukua gramu 7, zenye protini gramu 4. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 8. Ili kufikia kikombe hicho unahitaji vijiko vikubwa viwili, au vidonge 28 vya miligramu 500 kila kimoja. Pakiti nyingi hushauri gramu 3 kwa siku, ambazo zinakupa protini gramu 1.7. Kiasi hicho unakipata kwenye maziwa kama mililita 50, yaani mafunda machache.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, linganisha kikavu na kikavu. Maziwa ya unga yenye mafuta yana protini gramu 26 kwa kila gramu 100, na yaliyotolewa mafuta yana 36. Spirulina bado inaongoza, ila ile mara 18 imeshuka hadi mara mbili hivi au pungufu.

Tena uzito wa protini hausemi kila kitu. Ukuta wa seli ya spirulina hauna selulosi, kwa hiyo tumbo huimeng'enya vizuri, takriban asilimia 85. Protini ya maziwa humeng'enywa kwa asilimia 95 hivi. Tofauti nyingine iko kwenye lisini, asidi amino (kijenzi cha protini) inayopungua sana kwenye nafaka: gramu moja ya protini ya spirulina ina lisini miligramu 50 na ushei, na ya maziwa hukaribia 80. Anayekula nafaka kwa wingi na kitu kingine kidogo, maziwa yatamzibia pengo hilo vizuri zaidi.

"Kalsiamu ya spirulina inapita ya maziwa mara nyingi"

Hili ndilo dai baya kuliko yote, maana watu huacha maziwa kwa sababu yake. Utasikia mara 6, mara 20, hata zaidi. Jedwali la kawaida la lishe linaonyesha spirulina kavu ina kalsiamu miligramu 120 hivi kwa gramu 100, na maziwa yana miligramu 113 hadi 120 kwa gramu 100. Gramu kwa gramu wanatoshana nguvu, ingawa mmoja amekaushwa na mwingine ni maji matupu karibu yote.

Sasa shuka kwenye kijiko. Gramu 7 za spirulina zina kalsiamu miligramu 8. Kikombe cha maziwa kina takriban 300. Ili unga ufikie kikombe ungelazimika kula robo kilo nzima, vijiko vikubwa zaidi ya 35, na pamoja nayo ungemeza sodiamu miligramu 2,600, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku. Sodiamu hiyo inatokana na maji ya kukuzia, ambayo huwekwa bikaboneti ya sodiamu ili yawe na alkali kali.

Kwa nini basi baadhi ya lebo huonyesha kalsiamu nyingi? Madini ya spirulina hufuata maji iliyokuzwa. Maji yakiwa na chokaa nyingi, au zao lisiposuuzwa vizuri kabla ya kukaushwa, chumvi hubaki ndani ya unga na kupandisha namba. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, na spirulina haiingii kwenye hesabu hiyo kwa namna yoyote ya maana.

"Asiyekula nyama wala maziwa atapata B12 kwenye spirulina"

Lebo nyingi hutaja vitamini B12 kwa kiwango cha kuvutia. Mara nyingi kiwango hicho kimetokana na kipimo cha kutumia bakteria: wanawekwa kwenye sampuli, na wakistawi inahesabiwa kwamba B12 ipo. Lakini bakteria hao hustawi pia kwa B12 bandia, molekuli inayofanana na ile halisi lakini isiyo na kazi mwilini mwa binadamu. Uchambuzi wa vidonge vya spirulina uliochapishwa mwaka 1999 na watafiti wa Japani ulikuta asilimia 83 ni hiyo bandia, na 17 tu ndiyo halisi.

Kikombe cha maziwa kina B12 halisi ya mikrogramu 1.1, na mtu mzima anahitaji 2.4. Vikombe viwili karibu vinamaliza kazi. Asiyetumia kabisa vyakula vya wanyama atafute kidonge cha B12 au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo, maana upungufu wake huchukua miaka kujitokeza, na ukija huja na ganzi za miguu na uharibifu wa mishipa ya fahamu ambao wakati mwingine haurudi nyuma.

"Maziwa yanaongeza damu"

Hapa maziwa ndiyo yanayosifiwa kwa kitu yasichokuwa nacho. Kikombe kizima hakifikishi hata miligramu 0.1 ya madini ya chuma. Spirulina ina miligramu 28 hivi kwa gramu 100, kwa hiyo kijiko kikubwa kinatoa 2. Mwanamke anayepata hedhi hushauriwa miligramu 18 kwa siku na mwanaume 8. Kijiko kimoja hakitibu upungufu wa damu, lakini angalau kina mchango. Maziwa hayana.

Kwa mtoto mdogo jambo hili ni zito zaidi. Maziwa ya ng'ombe kabla ya mwaka mmoja yanaweza kusababisha damu kuvuja kidogo kidogo kwenye utumbo bila kuonekana chooni. Baada ya mwaka, mtoto anayekunywa zaidi ya nusu lita kwa siku hushiba maziwa na kukataa vyakula vyenye chuma. Anaonekana mnene na mwenye afya, kumbe damu imepungua.

Na anayepewa vidonge vya chuma asivinywe na maziwa. Aache saa mbili katikati.

"Nikichanganya vyote viwili napata faida zote"

Inategemea unachotafuta. Kama ni protini, changanya tu. Kama unatumia spirulina kwa ajili ya chuma, kalsiamu ya maziwa na kaseini, protini yake kuu, huzuia sehemu ya chuma kufyonzwa kwenye mlo huo. Kunywa spirulina na juisi ya chungwa, limau au pera, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma cha aina hii kupita, na maziwa yasubiri mlo mwingine. Chai na kahawa nazo ziwekwe mbali.

"Spirulina ni mwani wa baharini, ina iyodini"

Spirulina ni bakteria anayetengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na makazi yake ni mabwawa ya magadi, kama yale yaliyo pembezoni mwa Ziwa Chad, ambako wanawake wa kabila la Kanembu huivuna na kuianika iwe mikate iitwayo dihé. Haina iyodini ya kutegemewa. Maziwa ya ng'ombe kwa kawaida yana iyodini zaidi, ingawa kiasi hubadilika kufuatana na malisho.

"Kilo moja ya spirulina ni sawa na kilo 1,000 za mboga na matunda"

Dai hili huanguka kwa hesabu ya shule ya msingi. Kilo 1,000 za mboga zenye protini asilimia 1 tu zina kilo 10 za protini. Haziwezi kuenea ndani ya pakiti ya kilo moja.

"Nisiyeweza maziwa, spirulina itakuwa badala yake"

Haina laktosi (sukari ya maziwa inayosumbua matumbo ya wengi), hilo ni kweli, na tumbo halitajaa gesi. Ila pengo unaloachiwa na maziwa ni kalsiamu, B12 na nishati, na pengo hilo spirulina hailizibi. Wengi wasioweza maziwa freshi huvumilia mtindi, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya laktosi, na jibini ngumu, ambayo haina laktosi karibu kabisa. Yakishindikana yote, tumia maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu (tikisa pakiti kwanza, kalsiamu hutuama chini) au samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao. Mtoto mchanga yeye ni maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Spirulina haichukui nafasi hiyo wala ya maziwa maalumu ya watoto.

"Ni vya asili, havina madhara"

Maziwa mabichi ni ya asili pia, na hubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe. Yachemshe. Protini na kalsiamu hubaki, vinavyopungua ni baadhi ya vitamini, na hasara hiyo ni ndogo.

Spirulina yenyewe haitoi mikrosistini, sumu inayoharibu ini. Hukua kwenye maji yenye alkali kali, pH ya 9.5 hadi 10.5, ambako viumbe wengi hawaishi. Maji yakipoteza ukali huo, au ikivunwa ziwani bila uangalizi, bakteria wengine kama Microcystis huingia na kuleta sumu hiyo, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Pia spirulina hunyonya risasi, zebaki na arseniki kutoka kwenye maji machafu. Mwombe muuzaji cheti cha maabara cha toleo hilo hilo unalonunua, kikitaja mikrosistini, metali nzito na vijidudu. Wenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja asidi amino iitwayo fenilalanini, waiepuke, na wenye magonjwa ya kinga ya mwili, wenye jongo na wanaotumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) wazungumze na daktari kwanza.

Harufu nayo inasema. Unga mzuri unanukia kama majani makavu na chumvi kidogo. Ukinuka samaki aliyeoza, ulichelewa kukauka au umeingiwa na unyevu.

"Ukiipika haina kazi tena"

Protini na madini hubaki. Kinachoharibika ni ile rangi ya buluu, fikosianini, ambayo huanza kuvunjika joto likipita nyuzi 50 hivi, na uji wako hugeuka kutoka kijani cha buluu kuwa rangi ya zeituni. Ukitaka kuihifadhi, epua uji, subiri hadi uwe vuguvugu, ndipo utie spirulina. Usiumwage unga juu ya kinywaji baridi, utaelea na kufanya madonge yaliyo makavu ndani. Weka kijiko cha chai kwenye kikombe kikavu, tia maji kidogo, ponda hadi ulainike, kisha ongeza kinywaji taratibu. Pakiti ukishaifungua, ifunge vizuri na uiweke gizani, kwa kuwa mwanga na hewa hula beta-karotini yake (ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) hata kama rangi bado inaonekana nzuri.